Anga Lenye Nyota

Wiki ya tatu ya muhula wa kwanza wa uzamili, mwalimu wetu aliweka slaidi chini ya hadubini akatuita mmoja mmoja tutazame. Hakutuambia ni ugonjwa gani. Alisema tu, "Mkiona anga la usiku, mmeona sawasawa."

Zamu yangu ilipofika niliinama, nikazungusha taratibu mpaka picha ikatulia. Seli za buluu iliyokolea zilikuwa zimesongamana kama abiria wa daladala ya jioni, zote za umbo moja, na katikati ya giza hilo, hapa na pale, yalionekana madoa meupe. Lilikuwa anga kweli. Anga la kwetu Ivuna kabla mwezi haujatoka.

"Limfoma ya Burkitt," mwalimu alisema tulipomaliza. "Mtoto wa miaka sita. Taya la chini."

Nilirudi kwenye kiti changu, nikaandika tarehe kwenye daftari, na sikuandika kitu kingine mpaka kipindi kilipokwisha.

Ivuna iko wilaya ya Momba, bondeni mwa Ziwa Rukwa. Siku hizi ni mkoa wa Songwe. Nilipozaliwa ilikuwa bado Mbeya. Watu wa mbali wakilijua jina la kwetu, wanalijua kwa sababu ya jiwe. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka pale, zikaokotwa na kuhifadhiwa gramu 705, na kwa kuwa ni cha aina adimu sana duniani, kundi lake zima likapewa herufi I, yaani Ivuna. Kipande chake kizuri kipo kwenye jumba la makumbusho London. Bibi yangu, aliyeishi hapo maisha yake yote, hajawahi kukiona hata kwenye picha, na nilipomweleza aliuliza kama kinauzwa kwa kilo.

Kwa wenyeji Ivuna ni chumvi. Unakusanya udongo wa chumvi, unauchuja kwa maji, unayachemsha yale maji mpaka chumvi inabaki chunguni. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta kazi hiyo imefanyika kwa karne nyingi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mchemshaji. Habari hii inamhusu yeye pia, kwa hiyo naomba msomaji amkumbuke.

Mdogo wangu alikuwa mtoto wa baba mdogo. Kwetu huyo ni mdogo wako tu, neno binamu nimelijulia shuleni. Alikuwa na miaka sita na mimi kumi jino lake lilipoanza kucheza. Mtoto wa miaka sita jino likicheza ni jambo la kumtania. Wiki iliyofuata yakaanza kucheza mengine mawili, ya nyuma kabisa, ambayo hayakuwa na sababu ya kutoka. Kisha shavu likavimba. Shangazi alichemsha maji ya chumvi, akachovya kitambaa, akamkanda, kama alivyotukanda sote tulipoumwa meno. Baada ya wiki mbili uvimbe ulikuwa umefika chini ya jicho, na jicho lilianza kusukumwa nje.

Sijawahi kujua ni nani aliyesema wa kwanza kwamba uvimbe umeota pale pale kitambaa kilipogusa. Najua tu kwamba shangazi na baba mdogo walikuwa na ugomvi wa zamani juu ya sehemu ya kuchemshia chumvi, na kwamba neno hilo lilipata mahali pa kukaa. Baba mdogo alikwenda kwa mganga mara mbili kabla ya kwenda zahanati. Zahanati iliandika barua ya kwenda juu. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara ya mlimani, nauli ikatafutwa siku nne. Hospitali waliyofika waliandikiwa vidonge vya antibaiotiki na kuambiwa warudi baada ya wiki mbili. Hazikufika. Tangu jino la kwanza hadi kaburi zilipita wiki saba.

Mwaka huo huo shangazi alihamia Tunduma. Hakurudi hata bibi alipolazwa.

Ningependa kusema nilichagua baiokemia kwa ajili ya mdogo wangu, lakini si kweli; alama zangu hazikutosha udaktari. Nilifika kwenye slaidi ile kwa bahati tu, na nikakuta kuna historia ndefu ambayo sisi wa bondeni tulikuwa ndani yake bila kuambiwa.

*

Nianze na yale madoa meupe, maana ndiyo yaliyonizuia kulala.

Kila doa ni seli moja kubwa ya kinga, seli-mlaji, iliyoshiba. Tumboni mwake kuna vipande vya seli za saratani zilizokufa. Kwa maneno mengine, uvimbe unaokua haraka kuliko karibu uvimbe wowote mwingine wa binadamu, ambao idadi ya seli zake inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, umejaa vifo. Nyota zile ni makaburi. Seli zinazaliwa kwa kasi, na nyingi mno zinakufa kwa kasi vilevile, lakini si kwa kuuawa na mtu. Zinajiua zenyewe, kwa utaratibu.

Ilichukua muda mrefu sayansi kuukubali utaratibu huo. Mwaka 1962 hadi 1964 daktari kijana kutoka Australia, John Kerr, alikuwa London akisomea shahada ya uzamivu juu ya maini ya panya. Alifunga mshipa unaopeleka damu kwenye sehemu ya ini akatazama seli zinavyokufa. Alitarajia kuona kifo kinachojulikana: seli inavimba, inapasuka, inamwaga vilivyomo, na mwili unajibu kwa joto na uvimbe. Aliona hicho, lakini pembeni yake aliona kingine. Seli moja moja zilikuwa zinanywea, zinakatika vipande vilivyofungwa vizuri kama vifurushi, na majirani wanavimeza kimya kimya. Hapakuwa na uvimbe wala usaha. Mtu asingejua kwamba pametokea msiba.

Mwaka 1971 Kerr alikwenda Aberdeen, Scotland, akafanya kazi na Alastair Currie na mwanafunzi wake Andrew Wyllie. Mwaka 1972 wakachapisha pamoja makala katika jarida la saratani la Uingereza wakidai kwamba kifo cha aina hii si ajali, bali ni kazi ya kawaida ya mwili, mwenzake wa kuzaliana kwa seli. Walihitaji jina. Profesa wa Kigiriki wa chuo hicho, James Cormack, akawapa neno apoptosisi, linalotumika kwa majani yanapodondoka mtini.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktaba. Kiswahili kina neno hilo tayari, na letu ni zuri zaidi: kupukutika. Majani yanapukutika, na katika mwaka wa maradhi watu nao wanapukutika. Cormack angekuwa na jirani Mswahili, wanafunzi wa dunia nzima wasingehangaika na ile herufi p ambayo wengine huitamka na wengine huimeza. Nitatumia letu.

Mkono wako ulianza kama kasia. Vidole vilipatikana kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zilipukutika ungali tumboni. Mkia wa kiluwiluwi unapukutika ili chura apatikane. Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, alichagua mnyoo mdogo kuliko punje ya mchele kwa utafiti. John Sulston na Robert Horvitz wakaufuata seli kwa seli, na ikajulikana kwamba mnyoo huo ukijijenga huzaa seli 1,090 na 131 kati yake hufa, zile zile kila mara. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jeni zinazoamuru vifo vya mnyoo zina ndugu zao ndani yetu. Sisi katika maabara tulirudia jaribio la Wyllie la mwaka 1980: unazipa seli za tezi ya panya homoni ya steroidi, unatoa DNA yake, unaipitisha kwenye jeli yenye umeme. DNA ya seli iliyopukutika haitoki kama uchafu. Imekatwa kwa vipimo, na kwenye jeli inaonekana kama ngazi. Yangu ilitoka na vidato vitano vinavyoonekana. Nilivipiga picha.

*

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye taya.

Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, aliacha katika kumbukumbu zake watoto wenye uvimbe wa namna hii. Waliwaona madaktari wengi baada yake, kila mmoja akadhani ni bahati mbaya ya mtoto mmoja. Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell wa Mulago alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka kama mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt, Muayalandi aliyepoteza jicho moja akiwa na miaka 11, hakuelewa. Jipu halivimbi pande nne. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule, na alipompima akakuta uvimbe mwingine tumboni. Hapo ndipo alipoanza kufungua mafaili ya zamani ya Mulago. Mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza. Wanapatholojia, akiwemo Mmarekani Greg O'Conor aliyekuwa Kampala, walionyesha baadaye kwamba ni saratani ya mfumo wa limfu: imetoka kwenye seli B, zile zinazotengeneza kingamwili.

Jambo ninalolipenda kwa Burkitt ni kwamba alifanya utafiti wa maskini. Alipewa pauni 25, akachapisha karatasi zenye picha za watoto hao, akazituma hospitali za Afrika akiuliza: mnawaona? Akachomeka pini kwenye ramani kila jibu la ndiyo lilipofika. Pini zilijipanga mkanda kuvuka Afrika, ukiwa na mkia kuelekea kusini upande wa mashariki. Akataka kujua ukingo wa mkanda uko wapi. Tarehe 7 Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala na gari kuukuu aina ya Ford, wakashuka kusini kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Maili 10,000 kwa wiki kumi, hospitali 57. Katika wiki hizo hizo Tanganyika ilikuwa inajiandaa kupata uhuru.

Walichokuta kilikuwa rahisi kushangaza. Uvimbe haukufuata kabila wala chakula. Ulifuata joto na mvua. Karibu na ikweta ulitoweka ukipanda zaidi ya futi 5,000 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, kimo hicho kilishuka. Alexander Haddow, aliyekuwa akisoma virusi vya mbu kule Entebbe, aliona kwamba kimo si kimo, ni joto: pale ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 15.6, ugonjwa haupo. Ni ramani ya mbu.

Nimechora mstari huo mwenyewe juu ya ramani ya kwetu. Bonde la Rukwa lina takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Lina joto, lina maji, lina mpunga na mbu wa kutosha wilaya tatu. Ukipanda ukuta wa bonde kuelekea Mbozi, kwenye kahawa, unavaa sweta. Mstari wa Burkitt unapita mlimani pale pale barabara ilipokatika ile masika.

Mwezi wa Novemba 1961, wakati Ford ile ikiwa njiani, jarida la Nature lilichapisha makala ya George Claus na Bartholomew Nagy waliodai kuona ndani ya vimondo, kimojawapo kikiwa cha Ivuna, vitu vinavyofanana na visukuku vya viumbe wadogo. Wenzao walikuja kuonyesha kwamba baadhi yake ni chavua na uchafu wa hapa hapa duniani. Sina ubaya na watafiti wa mawe. Lakini hebu fikiria: jina la kijiji kinasomwa katika maabara kubwa za dunia, watu wanatafuta uhai ndani ya jiwe lake.

*

Machi 1961, katika hospitali ya Middlesex, London, Burkitt alitoa mhadhara kuhusu watoto wake, na mtafiti wa virusi Anthony Epstein alikuwa ukumbini. Akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu. Desemba 1963 ndege yenye sampuli kutoka Kampala ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na chupa ilipofika London maji yake yalikuwa na ukungu pia. Ilidhaniwa ni bakteria, ya kumwaga. Epstein akaweka tone chini ya hadubini, akakuta seli hai zinaelea, zimejitenga zenyewe kutoka kwenye kipande kwa kutikiswa safarini. Zilikubali kuota. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, walitangaza kirusi kipya ndani yake. Seli za watoto wa Uganda zikawa dirisha la kwanza la virusi vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Cha ajabu, karibu kila mtu mzima duniani ana kirusi hicho. Wewe unayesoma, yaelekea unacho. Kinahamia kwa mate na kujificha kwenye seli B maisha yote. Kwa nini basi kigeuke saratani kwa mtoto wa bondeni?

Jibu lilikuja vipande vipande, na katikati yake kuna kupukutika. Mwaka 1982 maabara mbili za Marekani zilionyesha kilichovunjika: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC kimehamia, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili. Seli B hazipumziki kutengeneza kingamwili, kwa hiyo MYC, iliyowekwa kwenye uwanja huo, haizimwi tena. MYC ni amri ya kugawanyika. Hapo hadithi ingekuwa rahisi: gesi imekanyagwa, breki hakuna.

Lakini mwaka 1992 kundi la Gerard Evan, Uingereza, lilionyesha kwamba MYC hiyo hiyo ni amri ya kufa pia. Seli ikiachiwa MYC bila ruhusa ya majirani, inapukutika. Mwili umefunga amri mbili kwenye kamba moja, ili anayejipa ruhusa ya kuzaliana ajipe na hukumu. Basi ndiyo sababu ya nyota. Slaidi ile inaonyesha ulinzi wa mwili wa mtoto ukifanya kazi saa ishirini na nne, seli kwa maelfu zikitii hukumu.

Na katikati yao zimo zisizotii. David Vaux na wenzake, Melbourne, walikuwa wameonyesha mwaka 1988 kwamba jeni nyingine, BCL-2, haizifanyi seli zizaliane hata kidogo. Inazikataza kufa tu, na ikikutana na MYC balaa linazaliwa. Kwa mara ya kwanza ilieleweka kwamba kukataa kufa ni nusu ya saratani. Limfoma ya Burkitt hutafuta njia zake nyingine za kukataa: mara nyingi jeni ya p53, hakimu anayesoma hukumu, imeharibika. Na kirusi kina mkono wake. Tangu mwaka 1991 inajulikana kwamba jeni za kirusi hiki zinaweza kuzikinga seli B zisipukutike, na baadaye ikaonekana kwamba kinainyamazisha protini iitwayo BIM, mmoja wa watekelezaji wa hukumu. Kirusi hakina chuki na mtoto. Kinataka nyumba yake isibomolewe.

Malaria inakamilisha. Kila homa inaziamsha seli B zizaliane na kukatakata jeni zao za kingamwili ili zitengeneze silaha mpya, na mkasi unaofanya kazi hiyo huweza kukosea ukakata karibu na MYC. Mtoto anayeugua mara nyingi anatupa dadu mara nyingi. Tanzania ilijaribu kulithibitisha hilo: mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini, na idadi ya wagonjwa wa limfoma hii ilishuka, ikapanda tena baadaye. Ubishi ni kwamba ilianza kushuka hata kabla ya vidonge, na vimelea navyo vilianza kuizoea dawa. Nimesoma taarifa hiyo mara tatu. Ni sayansi ya kweli, yenye matope miguuni, na nimeiheshimu kuliko nyingine zenye grafu safi.

*

Kuna sehemu nimekuwa nikiikwepa.

Seli inayoishi na amri ya kufa masikioni, ikiwa imeziba masikio hayo kwa kidole kimoja, iko ukingoni. Haihitaji kusukumwa kwa nguvu. Mapema miaka ya 1960 Burkitt, ambaye hakuwa na mashine ya mionzi, alianza kuwapa watoto wa Kampala dawa zilizoharibu DNA au kuzuia kugawanyika kwa seli, methotreksati na saiklofosfamaidi zikiwemo. Mataya yalinywea ndani ya siku. Baadhi ya watoto waliopewa dozi chache tu hawakuugua tena. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha limfoma chini ya Mmarekani John Ziegler, kikawa mzizi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, wakati wa Amin, Charles Olweny alikishika, na watoto wakaendelea kutibiwa. Tatizo moja kubwa walilojifunza ni la ajabu: seli hufa nyingi kwa mara moja kiasi kwamba mabaki yake yanaziba figo, na mtoto lazima anyweshwe maji mengi. Kupukutika kukizidi, hata walaji wanashindwa.

Kwa hiyo mdogo wangu alipougua, dawa ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini. Saiklofosfamaidi si dawa ghali ya jana. Na wiki saba si kitambo kifupi kwa dawa inayofanya kazi ndani ya siku.

Haki inanitaka niseme kwamba siwezi kuthibitisha kitu. Hakuna kipande kilichokatwa, hakuna slaidi. Nina umri wake, meno ya nyuma yaliyocheza, jicho, kasi, na kimo cha bonde. Jipu la jino lingeweza kuvimba vile siku za mwanzo. Nilimpelekea mwalimu maelezo bila kusema ni ya nani. Alisoma akasema, "Huyu angenipa mashaka siku ya kwanza. Yuko wapi?"

Desemba nilikwenda nyumbani. Nilikuwa nimeiweka picha ya slaidi kwenye simu na nilikaa nayo siku tatu. Shangazi nilikuwa na hakika naye: kitambaa cha chumvi hakihamishi kromosomu. Ila nikimtoa yeye, swali litaangukia wapi? Uchawi ulikuwa umembebea baba mdogo mzigo kwa miaka yote hiyo. Waganga wawili, siku nne za nauli.

Siku ya nne alinikuta kwenye kivuli cha mwembe akauliza nasomea nini hasa, maana majirani wanamuuliza na yeye hawezi kujibu. Nikamwonyesha picha. Nikaeleza kirusi, malaria, kamba moja yenye amri mbili. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wenzangu.

"Kwa hiyo dada hakufanya kitu," alisema.

"Hakufanya, baba."

Alizungusha simu yangu, akaitazama ile picha kwa upande mwingine.

"Na hizi nyeupe ndizo ugonjwa?"

"Hapana. Hizo ndizo mwili wake ulikuwa unapigana."

"Ziko nyingi."

"Ndiyo, baba."

Hakuuliza kuhusu dawa. Nilijua anajua kwamba kuna swali hilo, na yeye alijua kwamba ninalo jibu. Aliuliza kama shangazi bado ana namba ile ile. Nikamtafutia. Mtandao kwetu unashika vizuri juu ya kichuguu nyuma ya zizi, akapanda pale na simu yangu, akiwa amevua kofia.

"Shikamoo dada," nilisikia. Kisha kimya kirefu, nikadhani imekatika.

Halafu akauliza chumvi Tunduma wanauza shilingi ngapi kwa ndoo. Waliongea bei ya chumvi mpaka salio langu likaisha.